Wavu Kwenye Kiwiko cha Saba

Mtu wa koti la kijivu alikuwa na mbio.

Alikata kona ya duka la vioo, akaruka toroli mbili za vigae, akazivamia ngazi za umeme zinazoshuka. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa anapanda. Watu walipiga kelele. Mzee mmoja alimtukana mpaka akaishiwa pumzi.

Kigingi alikuwa nyuma yake hatua kumi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba. Goti la kushoto lilikuwa na skrubu mbili za hospitali. Miguuni alivaa raba za Puma zilizokwisha soli, na kwapani alificha bastola ya Beretta ambayo hakutaka kuitoa mbele ya watoto wa watu.

"Simama!"

Nani amewahi kusimama kwa kuambiwa simama?

Walifika ghorofa ya pili. Kigingi alijitupa, akashika mkanda wa mkoba. Mkanda ulikatika. Jamaa hakugeuka hata kutazama nani kamshika. Aliruka ukingo, akaangukia rundo la magodoro yaliyokuwa yakiuzwa chini, akainuka, akatoka mlangoni. Nje ilikuwepo Yamaha nyeusi inaunguruma. Ikaondoka naye.

Kifaa kilichofichwa kwenye hereni kikakoroma.

"Umempata?"

"Nimepata mkoba."

"Nilikutuma uniletee mtu."

"Mtu ana miguu, Mkuu. Mkoba umetulia."

Upande wa pili kalamu ikagongwa mezani. Kisha: "Njoo ofisini."

Ofisi ilikuwa nyuma ya duka la dobi. Mbele watu walileta mashati na suti, nyuma ya mashine za kukaushia ulikuwepo mlango wa chuma, na nyuma ya mlango alikaa Mkuu wa Idara, mtu mfupi aliyependa kuongea huku anapanga kalamu. Kwa miaka kumi na tisa ukoo mzima wa Kigingi ulijua kwamba kazi yake ni kupiga pasi.

Ndani ya mkoba hakukuwa na bunduki, pasipoti wala sumu. Ilikuwepo flashi moja tu. Ndani ya flashi lilikuwemo faili moja, zito kiasi kwamba kompyuta ya Mkuu ilijikongoja dakika tano kisha ikaandika kwamba haijui hiki ni nini.

"Hili ni faili la programu ya kuigiza," alisema Mkuu. "Wahandisi wanachora bomba au daraja, kompyuta inaigiza maji yatakavyopita na chuma kitakavyoumia. Huyo mtu wa koti ni tarishi wa Profesa."

"Profesa yupi?"

"Mgeni anayewafundisha wahandisi wa maji programu hiyo. Kampuni yake pia ndiyo iliyofunga mtambo mpya wa kuendeshea vali, ule mlango wa maji wa bomba kuu, kwa mbali. Wamesema ni msaada. Na kampuni hiyohiyo imeshaandika barua ya kuomba ikabidhiwe maji ya nchi nzima kwa miaka arobaini, endapo yatatokea maafa."

"Wameandika kabla ya maafa?"

"Kabla."

Kigingi alivuta kiti. "Wapeni vijana wetu wa kompyuta walisome."

"Wote wawili ni wanafunzi wake. Anawajua sura. Kila mtu nchini anayeijua programu hiyo kafundishwa na yeye." Mkuu alinyoosha kalamu nyekundu ikae sambamba na ya bluu. "Jumatatu anaanza darasa jipya la siku tano. Utaingia kama karani wa mafaili wa Idara ya Maji. Kaa nyuma, piga picha, rekodi sauti, basi. Usijitie kuelewa. Nimekiona cheti chako. Hesabu ulipata sifuri."

Ni kweli alipata sifuri. Lakini kuna watu ukiwaambia hawawezi unakuwa umewatukana wazazi wao, na Kigingi alikuwa wa kwanza katika hao. Alichukua nakala ya flashi mezani bila kuomba.

"Unapeleka wapi hiyo?"

"Kuisoma."

Kwa upande wao, waliopoteza flashi hawakuhangaika. Waliamini ni kibaka tu. Na hata asingekuwa kibaka, nani angeisoma?

*

Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu. Kompyuta kumi na mbili, zulia jipya linalonuka gundi, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Wahandisi wa maji walikuwa wanajifunza kuyatuliza maji wakati ndoo inajaa pembeni yao, na hakuna aliyeona aibu.

Profesa alikuwa mrefu, shati limenyooka, na Kiswahili chake kimenyooka vilevile.

"Programu hii haina akili," alisema. "Ni mtumishi mwenye mbio. Ukimdanganya, naye atakudanganya kwa rangi nzuri. Unachora bomba. Unalikata vipande vidogo vidogo, huo tunauita wavu. Unamwambia maji yanaingilia wapi, kwa kasi gani, yanatokea wapi. Anahesabu tundu moja moja la wavu. Halafu nguvu ya maji unaitwika kwenye chuma, uone chuma kinalia wapi. Palipo na bluu pametulia, palipo na nyekundu pana taabu. Sasa, jibu la kwanza ni la nani?"

"La mjinga!" waliitikia waliokwisha kusoma kwake zamani.

"Kwa hiyo mnafanya nini?"

"Tunakaza wavu!"

"Mnakaza wavu, mnapiga hesabu upya. Jibu likibadilika, kazeni tena, mpaka litulie. Mhandisi asiyekaza wavu ni mpiga ramli."

Siku hiyo ya kwanza, maji ya Kigingi yalitokea pale yalipotakiwa kuingilia. Alirudia. Safari hii bomba lilivimba lote, likawa jekundu, kisha skrini ikajaa mistari ya makosa mpaka chini.

Aliyekaa kiti cha pembeni alicheka mpaka meza ikatikisika. Alikuwa mhandisi wa matangi, tumbo lake kubwa, na wote walimwita Pipa, hata mkewe.

"Dada yangu, hilo bomba lina hasira na nani?"

Profesa alikuja, akaangalia, akatabasamu kwa huruma ile inayochefua.

"Mama, hii si kazi ya kila mtu. Pale nyuma kuna chai. Unaweza kutusaidia kumimina."

Darasa zima likageuka.

Kigingi aliinuka. Alikwenda nyuma, akamimina kikombe kimoja, akatia sukari vijiko viwili, akarudi nacho kwenye kiti chake. Akakinywa chote taratibu huku Profesa amesimama.

Halafu akafuta bomba lake, akaanza kuchora upya.

"Loo," alinong'ona Pipa. "Wewe ni karani wa wapi?"

Alianza kuja mapema kuliko wote. Mchana wenzake walipoteremka kula, yeye alibaki, simu sikioni, anaongea na mdogo wake. Huyo mdogo ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa vali katika bomba kuu, bomba lile linaloteremsha maji kutoka bwawani mpaka mjini. Mtu wa utaratibu kupindukia. Alikuwa haanzi zamu bila kusaini daftari, na akila chungwa anahesabu mbegu.

"Dada, leo dobi wanakulipa kuongea na simu?"

"Nijibu tu. Maji ukiyafungia ghafla yanakuwaje?"

"Yanagonga. Fikiria msururu wa watu wanakimbia, wa mbele akakutana na mlango umefungwa. Wa nyuma hawajui. Ndiyo maana vali yangu naifunga kwa dakika sita. Sita kamili. Mbona unauliza?"

"Mashine yetu ya kufulia inagonga."

"Basi mna bomba bovu. Sisi hapa kazi ni safi, ingawa tumezeeka. Kiwiko cha saba, pale bomba linapopinda, kiko nyuma ya kiti changu. Nakitundikia koti."

"Na likizidiwa, mnafanyaje?"

"Kuna vali ya kupumulia, ya kuzungusha kwa mkono. Mizunguko thelathini na sita mpaka iishe. Inatoa maji kwa bomba la pembeni. Lakini sijawahi kuigusa zaidi ya kuipaka grisi."

Jumanne maji ya Kigingi yaliingia na kutoka panapotakiwa. Jumatano alifunga vali ya kuchora akaona lile pigo lenyewe, wimbi jekundu likirudi nyuma ndani ya bomba. Alitamani kupiga kelele za furaha. Akajizuia. Pipa hakujizuia, akapiga makofi.

"Karani kaua!"

Alhamisi, saa saba mchana, Kigingi alifungua faili la kwenye flashi.

*

Lilikuwa bomba kuu lote, kuanzia bwawani mpaka mjini. Alilijua umbo lake kwa maelezo ya mdogo wake. Kilomita nzima ya wavu ilikuwa imelegea, matundu makubwa, kazi ya kivivu. Sehemu moja tu wavu ulikazwa mpaka matundu hayakuonekana kwa macho.

Kiwiko cha saba.

Na mahesabu hayakuwa moja. Yalikuwa matatu. Wavu wa kati, wavu mkali, wavu mkali zaidi. Jambo lilelile limerudiwa hadi jibu lilipotulia.

Chakula cha mchana Pipa alikula mezani kwake, matango na yai moja, kwa amri ya mke. Kigingi alimgeukia.

"Eti, mtu akikaza wavu mahali pamoja tu, ana maana gani?"

Pipa alitafuna. "Maana yake hapo ndipo anapoogopa." Akatafuna tena. "Au hapo ndipo anapotaka."

Kigingi alishuka kwenye masharti ya hesabu. Muda wa kufunga vali haukuwa dakika sita.

Sekunde nne.

Akafungua upande wa chuma. Kiungo cha kuchomelea cha kiwiko cha saba kiligeuka chekundu, kisha kikaachana. Mbele ya kiungo hicho, kule kwenye bomba lenyewe, kulikuwa na kiti, na kwenye kiti mdogo wake. Tarehe ya hesabu ilikuwa ya kesho, Ijumaa, saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo Profesa alitangaza kwamba darasa lote litashuhudia vali ikifungwa kwa mbali kwa mara ya kwanza. Wahandisi wote watakuwa hapa, wanapiga makofi. Kule atakuwa mdogo wake peke yake. Bomba likipasuka, kampuni itasema ni uchakavu, na mwendeshaji alikuwa mzembe. Marehemu hajitetei.

Kigingi alifunga faili kwa kugonga kitufe kwa ngumi. Ilikuwa hasira.

Angekuwa mwizi wa kawaida asingekamatika. Jizi la kawaida linafunga vali na kukimbia. Huyu alikuwa mhandisi kwanza, mhalifu baadaye. Hakuweza kuvunja kitu bila kuhakiki hesabu yake mara tatu.

Alikwenda chooni, akabonyeza hereni.

"Mkuu. Kesho saa nne. Kiwiko cha saba cha bomba kuu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye hesabu."

"Hesabu ya nani?"

"Yao. Na nimeipitia mwenyewe."

Kalamu zilisikika zikiacha kupangwa. "Ngoja." Alisubiri dakika kumi na mbili, anahesabu vigae vya choo. Mkuu aliporudi, sauti ilikuwa baridi.

"Nimeongea na mkurugenzi wa maji. Amecheka. Anasema Profesa ndiye bora anayejulikana, na wewe una siku nne za darasa. Kesho yeye mkurugenzi yuko mbele ya wageni, hataki aibu. Funga kazi. Toka humo leo. Hiyo ni amri."

"Mtandao mbovu, Mkuu."

"Unanisikia vizuri sana."

"Sikusikii kabisa."

Akavua hereni, akaitia mfukoni.

*

Ijumaa, saa moja kamili asubuhi, waya mwembamba ulifungua kitasa cha darasa kwa sekunde tisa.

Kumtoa mdogo wake haikutosha. Chini ya kiwiko cha saba kulikuwa na bonde, na bondeni nyumba mia nne. Mdogo wake mwenyewe angeuliza swali moja tu: mimi nikitoka, nani atabaki? Mtambo wa vali ulikuwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli la kampuni. Kitu pekee kilichobaki kwa mkono wa binadamu kilikuwa vali ya kupumulia. Lakini ifunguliwe kiasi gani? Ikifunguliwa kidogo, kiwiko kinapasuka. Ikifunguliwa yote, bomba la pembeni, lililo jembamba, linang'oka na kumpiga huyohuyo anayefungua.

Alitumia bomba lao wenyewe, lile la kwenye flashi. Hakuwa na lingine.

Mizunguko kumi: kiwiko kilipasuka.

Thelathini na sita: bomba la pembeni liling'oka.

Ishirini na mbili: bluu kila mahali. Salama.

Saa moja na dakika arobaini. Kidole kilikuwa tayari kwenye namba ya mdogo wake. Angepiga, angesema ishirini na mbili, angekuwa na muda wa kunywa chai.

Hakupiga. Wavu wake ulikuwa umelegea. Mhandisi asiyekaza wavu ni mpiga ramli, na yeye hakutaka kumpigia ndugu yake ramli. Alikaza wavu kwenye bomba la pembeni, akaiwasha upya hesabu ileile. Kompyuta ikasema dakika hamsini.

Aliketi, mikono mapajani, akatazama mstari wa kijani ukitambaa. Hakuwa amewahi kuogopa kitu cha kijani maishani.

Saa mbili na nusu jibu lilikuja. Bomba la pembeni, kwa mizunguko ishirini na mbili, lilikuwa jekundu shingoni. Lingeng'oka.

Jibu la mjinga. Angemuua kwa mkono wake mwenyewe.

Akafuta jasho, akaweka kumi na tisa. Dakika sitini safari hii. Mlango ukafunguliwa, wahandisi wakaingia na kelele zao, suti zao za siku ya kuhitimu. Akaificha hesabu nyuma ya picha ya maua.

"Umewahi, karani!" alisema Pipa. Akakaa. Akaona mstari wa kijani uliochungulia pembeni ya maua. Akamtazama usoni, akaacha utani. "Nisogeze kiti nikukinge?"

"Sogeza."

Tumbo la Pipa lilifunika skrini nzima. Mbele Profesa alihutubia kuhusu maendeleo. Ukutani picha ya moja kwa moja ya nyumba ya vali, kwa nje, iliwaka, na saa kubwa ikihesabu kurudi nyuma.

Saa tatu na dakika thelathini na moja.

Kumi na tisa. Kiwiko kimesimama. Bomba la pembeni limesimama. Presha itapanda mpaka thelathini na moja, halafu itashuka.

Alitoka hadi ukumbi wa ngazi, akapiga.

"Dada, niko kazini. Leo tuna shughuli."

"Nisikilize bila kuuliza. Nenda kwenye vali ya kupumulia. Ifungue mizunguko kumi na tisa."

"Huo si utaratibu. Nani kasema?"

"Saa nne watafunga vali yako kwa sekunde nne."

Nyuma yake maji yalisikika yakipita.

"Dada, wewe unapiga pasi."

"Nilikudanganya. Miaka kumi na tisa nimekudanganya. Ni kazi ya serikali, sikuruhusiwa."

"Na mashati yangu niliyokuwa naleta kila wiki?"

"Mashati niliyapiga pasi kweli. Mwenyewe."



"Hiyo kumi na tisa umeitoa wapi?"

"Nimepiga hesabu."

"Wewe? Wa sifuri?"

"Mimi. Nimekaza wavu, nimerudia. Jibu la kwanza lilikuwa ishirini na mbili, lingekuua. Hili halitakuua." Alitazama saa ya mkononi. "Ningekuwa na shaka ningekwambia ukimbie."

"Nikikimbia, nani atabaki na watu wa bondeni?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea namba."

Chuma kilisikika kikilia.

"Moja," alisema mdogo wake. "Gurudumu zito hili. Usikate simu."

Hakukata. Alisimama pale dakika ishirini, akirudia kila namba baada yake mpaka kumi na nne, ndipo akaitia simu mfuko wa kifuani, akageuka.

Mtu wa koti la kijivu alikuwa anapanda ngazi.

Walitazamana. Safari hii hakukuwa na magodoro.

"Naijua sauti hiyo! Wewe kumbe ndiye uliyenifukuza!" alisema jamaa, mkono ukizama ndani ya koti.

Kigingi alimwahi. Goti la kushoto lilimwingia tumboni pamoja na skrubu zake mbili. Jamaa akaangukia mlango, mlango ukafunguka, wote wawili wakaingia darasani kwa vishindo, bastola aina ya Glock ikiteleza juu ya zulia. Jamaa aliifuata kwa magoti.

Pipa aliinuka, akapiga hatua mbili, akamkalia.

Hakufanya kingine. Alikaa tu. Yule mtu alitoa sauti kama puto linaloishiwa hewa, akatulia.

Beretta ya Kigingi ilikuwa tayari imemwelekea Profesa.

"Zima."

Wahandisi walilala chini ya meza. Profesa hakulala. Alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Karani."

"Zima hiyo amri."

"Imeshakwenda, Mama. Iko kwenye mtambo. Saa nne kamili vali itafunga, nikiwa hai au nimekufa. Piga ukitaka." Akatabasamu. "Na wewe hukujifunza chochote hapa isipokuwa kumimina chai."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika mbili.

Kigingi alitoa simu, akaweka spika, akailaza mezani.

"Kumi na sita," ilisema sauti ya mtu anayehema.

Tabasamu la Profesa lilipungua. "Huyo ni nani?"

"Ni mtu uliyemwandikia kufa."

"Kumi na saba. Dada, limegoma. Linaniteleza."

"Shika kwa shati," alisema Kigingi. "Vua shati, lizungushie."

"Ni jeupe."

"Nitakufulia!"

Sekunde arobaini.

"Kumi na nane."

Darasa zima lilikuwa linahesabu kimya, vichwa vikichomoza chini ya meza kimoja kimoja. Walikuwa watu wa maji hawa. Walikwisha kuelewa.

Sekunde tano.

"Kumi na tisa! Kumi na—"

Vali ilifunga.

Spika ilinguruma mpaka simu ikatembea mezani. Chuma kililia kilio kirefu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia. Picha ya ukutani ilitikisika, ikajaa manyunyu.

"Soma geji ya presha!" alipaza sauti Kigingi. "Nisomee geji!"

Hakuna jibu. Sekunde moja. Mbili. Bunduki haikutikisika, lakini machozi yalimshuka, na hakuyafuta.

"Ishirini na nne," ilisema sauti. "Ishirini na nane. Dada, inapanda. Thelathini. Thelathini na moja."

Vichwa vyote viliinamia simu.

"Thelathini na moja. Imesimama. Inashuka. Ishirini na tisa. Ishirini na tano. Kiwiko kizima! Kimelowa, lakini kizima!"

Darasa lililipuka kwa kelele. Mmoja alipiga teke ndoo ya kiyoyozi, zulia likalowa. Pipa alishangilia bila kuinuka, na aliyekaliwa akalia upya.

Profesa alikuwa ameegemea ubao. Hakutazama mlango wala bunduki. Alikuwa anatazama skrini ya Kigingi, ambako thelathini na moja ilikuwa imeandikwa kabla ya tukio.

"Uliukaza wapi wavu?" aliuliza, kama mtu asiyeweza kujizuia.

"Shingoni mwa bomba la pembeni."

"Mimi sikuangalia pale."

"Hukuwa na ndugu pale."

Akamfunga mikono kwa waya wa kompyuta, mafundo mawili, akamkabidhi kwa wahandisi kumi wenye hasira ya kuambiwa miezi mingi kwamba hawajui.

Hereni ilikuwa inatetemeka mfukoni. Akaivaa.

"Nimeona picha hapa kwa mkurugenzi," alisema Mkuu. Sauti ilikuwa haina kalamu. "Magari yako njiani. Mwenyewe amekaa chini mbele ya wageni wake, hasimami. Ulikaidi amri yangu."

"Ndiyo."

"Ukirudi tutaongea."

"Tutaongea, Mkuu. Nikirudi."

Akachukua simu mezani, akatoka nayo ukumbini.

"Upo?"

"Nipo. Nimelowa mpaka soksi, na shati limekwisha." Mdogo wake alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akakohoa, akarudi kuwa mtu wa utaratibu. "Sikiliza. Hapa kuna daftari la zamu. Nimeandika saa, nimeandika mizunguko. Kuna nafasi ya aliyetoa hesabu. Siwezi kuiacha wazi. Niandike nani?"

"Usithubutu!" alifoka Mkuu sikioni. "Miaka kumi na tisa huna jina popote! Mwambie aandike Idara ya Maji!"

Kigingi alisimama juu ya ngazi. Chini ving'ora vilianza kusikika.

Alivua hereni tena.

"Andika dada yako," alisema. "Kwa wino. Andika alipiga hesabu mwenyewe."

Alisubiri mpaka aliposikia kalamu ikikwaruza karatasi. Ndipo akateremka ngazi, akichechemea kidogo, bila haraka.